Programu yako ya kukunja protini kwenye gridi inazingua? Tuanze na dalili

Kukunja protini kwenye gridi ni moja ya vile vitu ukivisoma unasema hii ni kazi ya jioni moja tu, alafu wiki ya tatu bado uko pale pale unakodolea macho namba hasi na hujui kama ni sahihi au ni uzushi. Nimekaa na hizi programu muda mrefu, zangu na za watu walioniletea wakiwa wamekata tamaa, na kitu kimoja kinajirudia kila mara: mtu analaumu algoridhimu, anatoka Monte Carlo (kujaribu hatua za kubahatisha) anaenda jenetiki (kuzalisha mikunjo kutoka kwa mikunjo wazazi), anatoka jenetiki anaenda kwenye njia ya kuiga kundi la chungu, kumbe kosa liko kwenye mistari kumi ya kuhesabu miguso ambayo hajawahi kuijaribu hata na mnyororo wa shanga nne.

Tukumbushane haraka ili tuongee lugha moja. Modeli ya HP, iliyoletwa na Ken Dill mwaka 1985, inachukua amino asidi zote 20 na kuzigawa makundi mawili tu, H ni zile zinazokimbia maji na P ni zile zinazopatana na maji. Kila amino asidi inakuwa ushanga mmoja, kila ushanga unakaa kwenye nukta moja ya gridi, shanga mbili hazikai nukta moja, na zinazofuatana kwenye mnyororo lazima ziwe jirani kwenye gridi. H mbili zikiwa jirani kwenye gridi lakini hazifuatani kwenye mnyororo, huo ni mguso mmoja na unapata nishati ya -1. Kazi yako ni kutafuta mkunjo wenye nishati ya chini kuliko yote. Sheria ndo hizo tu, na bado watu wanalia.

Nitatumia gridi ya miraba ya pande mbili kwenye mifano mingi maana unaweza kuichora kwenye karatasi ukahakikisha kwa macho yako. Kwenye 3D mambo ni yale yale ila kichwa kinauma zaidi.

Dalili: nishati ni nzuri mno

Hii ndo dalili inayofurahisha kuliko zote kabla hujajua ni ugonjwa. Mfuatano maarufu wa shanga 20, HPHPPHHPHPPHPHHPPHPH, nishati yake ya chini kabisa kwenye 2D ni -9. Mimi programu yangu ya kwanza ilinipa -12 nikadhani nimevunja rekodi, nikawaambia watu kabisa. Aibu yake bado ninayo.

Kabla hujafika huko chukua shanga nne, HHHH, zipange mraba: (0,0), (1,0), (1,1), (0,1). Ushanga wa kwanza na wa nne ni jirani na hawafuatani kwenye mnyororo, kwa hiyo mguso ni mmoja tu, jibu ni -1. Sasa angalia programu yako inasemaje. Ikisema -2 unahesabu kila mguso mara mbili, yaani ushanga wa 1 unamwona wa 4 alafu wa 4 nae anamwona wa 1 na wote umewaandika, dawa ni kuhesabu pale tu namba ya pili ikiwa kubwa kuliko ya kwanza au kugawa kwa mbili mwishoni. Ikisema -4 unahesabu hata wale wanaofuatana kwenye mnyororo, mraba una pande nne na zote umezipa pointi. Ikisema -8 una magonjwa yote mawili kwa pamoja, pole. Tumia HHHH na sio HPPH kwenye jaribio hili, kwa sababu HPPH inaficha kosa la pili, shanga zake za katikati ni P na hazipigi kelele.

Ukitaka jaribio kubwa kidogo, zungusha shanga 9 za H zijaze mraba wa 3 kwa 3, kama konokono au nenda-rudi, vyovyote vile. Mistari ya jirani kwenye mraba huo ipo 12, mnyororo wenyewe umechukua 8, zinabaki 4, jibu ni -4. Kwenye 3D mchemraba wa 3×3×3 wenye shanga 27 za H una jirani 54, toa 26 za mnyororo, unabaki na 28. Namba hizi hazibadiliki hata ukijaza kwa njia gani, ndo maana ni nzuri kwa kupima.

Kama majaribio hayo yote yamepita na bado unapata chini ya -9, basi shanga zako zinapandiana. Kwenye picha huwezi kuona maana ushanga wa juu unamfunika wa chini. Weka mstari mmoja tu kwenye programu yako unaolinganisha idadi ya nukta tofauti na urefu wa mnyororo, zikitofautiana programu ife pale pale. Isitoe onyo. Ife.

Alafu kuna kipimo kingine napenda sana na watu wengi hawakitumii. Kwenye gridi ya miraba (na ya mchemraba pia) kila hatua inakutoa kwenye nukta nyeupe kwenda nyeusi kama ubao wa chesi, kwa hiyo ushanga wenye namba witiri unaweza kugusana na wenye namba shufwa tu, witiri kwa witiri haiwezekani kabisa. Ukikuta programu yako inatoa mguso kati ya ushanga wa 3 na wa 7, usitafute zaidi, koordineti zako zimeharibika. Na kutokana na hilo unapata kikomo cha bure: kwenye 2D ushanga wa katikati una nafasi mbili za kugusa, wa mwisho ana tatu. Kwenye ule mfuatano wa 20 kuna H tano za witiri (1, 3, 7, 9, 15) na tano za shufwa (6, 12, 14, 18, 20), kila upande una mara mbili tano jumlisha moja ya mwisho, 11. Yaani hata bila kujua chochote kuhusu rekodi, -12 yangu ilikuwa haiwezekani kihesabu. Dakika mbili za kalamu zingeniokoa.

Dalili: hesabu ya mikunjo haifanani na ya vitabuni

Kama unaorodhesha mikunjo yote moja baada ya nyingine (na kwa minyororo mifupi ni jambo zuri kufanya, hata kama algoridhimu yako halisi ni nyingine), idadi ya njia zisizojikata kwenye gridi ya miraba inaenda 4, 12, 36, 100, 284, 780, 2172. Hiyo ni kwa hatua moja, mbili, tatu na kuendelea, na hapa ndo watu wengine wanajikwaa, hatua tatu ni shanga nne. Ukilinganisha shanga na hatua utakuwa umekosea kwa moja kila mahali na utabadilisha vitu ambavyo havikuwa na shida.

Hatua ya nne ndo ya kuangalia. Ukipata 108 badala ya 100 maana yake hauzuii migongano, unazuia kurudi nyuma tu, maana 4×3×3×3 ni 108 na zile 8 za ziada ni miraba iliyojifunga. Mpaka hatua ya tatu huwezi kugundua kwa sababu kwenye hatua tatu njia haiwezi kujigonga bila kurudi nyuma, kwa hiyo mtu anapima mpaka 36 anasema safi, anaenda kulala.

Kwa shanga 20 jumla ni 335,116,620, na ukiondoa mizunguko na taswira za kioo zinabaki 41,889,578. Laptopu ya kawaida inazimaliza ikiwa programu imeandikwa vizuri. Ukipata namba karibu na nusu au robo ya hiyo ya kwanza, au mara mbili ya hiyo ya pili, hilo sio kosa la mgongano, ni kwamba umeondoa baadhi ya ulinganifu ukaacha mingine: ukifunga hatua ya kwanza iende kulia umeondoa mizunguko minne, lakini kioo bado kipo mpaka useme kona ya kwanza lazima iwe kushoto.

Dalili: mwanzoni inatembea vizuri, baadae inaganda kabisa

Hii iliniumiza siku mbili. Programu ya Monte Carlo, joto la juu (joto hapa ni namba inayoamua hatua za kupandisha nishati zikubaliwe kirahisi kiasi gani), dakika ya kwanza hatua nyingi zinakubaliwa, alafu asilimia inashuka taratibu mpaka mnyororo unasimama kama umemwagiwa zege. Kitu cha kwanza kufikiria ni joto, nikapandisha joto, wapi.

Chanzo kilikuwa mizimu. Unasogeza ushanga kutoka nukta moja kwenda nyingine, unaandika kwenye gridi kwamba nukta mpya ina mtu, unasahau kufuta ile ya zamani. Kila hatua inaacha mzimu mmoja, baada ya hatua elfu kadhaa mnyororo umezungukwa na ukuta wa shanga ambazo hazipo. Sababu nyingine ya aina hiyo hiyo ni pale hatua inapokataliwa katikati, umeshasogeza shanga tatu, ya nne ikagonga, unarudisha koordineti lakini haurudishi gridi. Kupima ni rahisi, kila baada ya hatua 1000 hesabu nukta zenye mtu kwenye gridi, zikizidi urefu wa mnyororo umempata mchawi.

Na kama unatumia Python kuna mtego wa peke yake. Indeksi hasi kwenye Python haileti kosa, inarudi mwisho wa arei, kwa hiyo ushanga uliovuka ukingo wa kushoto kwenda -1 unasoma nukta ya mwisho upande wa kulia kimya kimya. Programu haifi, haisemi kitu, inakupa tu miguso ya ajabu mara moja moja. Watu wanaweka gridi ya ukubwa wa 2N+1 na kuanzia katikati wakidhani wamemaliza, ila hiyo inatosha tu kama ushanga wa kwanza hausogei. Kwenye hatua za kuvuta (nazieleza hapo chini) mnyororo mzima unahama, leo hatua moja kesho mbili, na baada ya hatua milioni umeshafika ukingoni. Ama urudishe mnyororo katikati kila baada ya muda, ama uachane na arei utumie kamusi ya koordineti. Kamusi ni polepole kidogo lakini utalala.

Dalili: inakwama kwenye -7 au -8 na haishuki

Hapa sasa kweli tunaweza kuanza kuilaumu njia, lakini kwa utaratibu.

Angalia kwanza seti ya hatua zako. Kama una zile ndogo tu, kupindua ncha, kupindua kona na kuzungusha shanga mbili mbili, zina tatizo la asili: Madras na Sokal walithibitisha mwaka 1987 kwamba hatua za aina hiyo, zinazosogeza kipande kidogo na kuhifadhi urefu, haziwezi kufika kwenye kila umbo. Kuna mikunjo ambayo ukiingia hutoki na ukiwa nje huingii, hata ukiiachia kompyuta mwaka mzima. Ukiongeza hatua ya mhimili, ile ya kuchagua ushanga mmoja na kuzungusha mkia wote, tatizo hilo linaisha kinadharia, ila kiutendaji mnyororo ukishakuwa donge karibu kila mzunguko unagonga, kwa hiyo inakusaidia mwanzoni na kukutupa mwishoni, pale pale unapoihitaji.

Kwa donge tumia hatua za kuvuta, zilizoletwa na Lesh, Mitzenmacher na Whitesides mwaka 2003. Wazo lake ni hivi, chukua ushanga i, tafuta nukta tupu iliyo jirani na ushanga i+1 na iko kimshazari na i, iite L. Nukta ya nne inayokamilisha mraba iite C. C ikiwa tupu, au ikiwa tayari ina ushanga i-1, unaweza kuvuta: i anaenda L, i-1 anaenda C, alafu i-2 anaenda pale alipokuwa i, i-3 pale alipokuwa i-1, mpaka ufike kwa ushanga ambao tayari ni jirani na mwenzake, hapo unasimama. Makosa ninayoyakuta ni matatu na yanajirudia. Wa kwanza haangalii kama C tayari ina i-1, anakataa hatua halali kibao na donge linabaki donge. Wa pili hasimami, anavuta mpaka ncha kila mara, programu inafanya kazi lakini inavuruga mkunjo mzuri bila sababu. Wa tatu amesahau hatua za ncha, zile za kuvuta kutokea ushanga wa mwisho, na bila hizo ile sifa ya kufika kila mahali haipo tena.

Joto ndo linafuata. Kuvunja mguso mmoja kwenye joto 0.2 kunakubaliwa kwa uwezekano wa e^-5, kama mara 7 katika 1000. Kuvunja mitatu kwa pamoja ni e^-15, kama mara 3 katika milioni 10. Kwenye donge mara nyingi lazima uvunje miwili mitatu ili upange upya, kwa hiyo ukishusha joto haraka umejifungia ndani na ufunguo umetupa nje. Nikiona mtu anashusha joto kwa hatua elfu moja tu kwenye mnyororo wa shanga 48 huwa siangalii kitu kingine. Na kwa wanaoandika C, angalia T usije ukawa umeitangaza kama namba kamili, 0.5 inakuwa 0 na kuanzia hapo unagawanya kwa sifuri.

Kama kushusha taratibu nako kumegoma, endesha nakala kadhaa kwenye joto tofauti na kuzibadilishana. Kwa HP mchanganyiko wa kubadilishana nakala na hatua za kuvuta ni mzuri sana, na binafsi ndo ninaouanzia siku hizi. Kosa lake la kawaida ni alama: kama nakala ya joto kali imeshika nishati ya chini kuliko ile ya baridi, kubadilishana lazima kukubaliwe kila mara, bila kurusha kete. Kama yako inarusha, umegeuza kutoa mahali fulani.

Lakini utajuaje kama umefika chini kabisa? Kwa mifuatano mingi hujui, unalinganisha na namba za watu tu. Ndo maana napenda mfuatano wa shanga 25, PPHPPHHPPPPHHPPPPHHPPPPHH. Hesabu H za shufwa: 6, 12, 18, 24, ziko nne tu na hakuna iliyo nchani, kila moja ina nafasi mbili, kwa hiyo miguso haiwezi kuzidi 8. Na mkunjo wa -8 upo. Ukiupata umethibitisha mwenyewe kwa kalamu kwamba hakuna wa chini zaidi. Kwa ule wa 20 kikomo kinasema 11 na ukweli ni 9, pengo linabaki, inabidi uorodheshe yote ndo uamini.

Usijidanganye pia kwamba programu yako ni mbovu kwa sababu tu inahangaika na minyororo mirefu. Mwaka 1998 ilithibitishwa kwamba tatizo hili ni NP-kamili, yaani hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kulitatua kwa kila mfuatano, kwenye 2D na kwenye 3D pia. Na kuna kisa cha mwaka 1995, mifuatano 10 ya shanga 48 kwenye 3D, watu wa Harvard walitengeneza mifuatano na kuitafutia mikunjo kwa Monte Carlo, watu wa UCSF (Chuo Kikuu cha California, San Francisco) wakaja na njia yao ya kujenga kiini cha H kwanza na karibu yote wakapata nishati ya chini zaidi. Wale wa Harvard hawakuwa wageni kwenye hii kazi.

Dalili: mkunjo bora unapatikana lakini wastani haueleweki

Kama unatafuta mkunjo wa chini tu, ruka hapa. Kama unataka kuchora grafu ya nishati dhidi ya joto, soma mara mbili, kwa sababu programu inaweza kupata -9 kila siku na bado takwimu zake zote ni takataka.

Rudi kwa HHHH wetu. Njia zipo 36, kati ya hizo 8 zina umbo la U na nishati -1, zilizobaki 28 zina 0. Kwenye joto 1 wastani wa nishati ni -8e/(8e+28), yaani -0.437. Endesha programu yako hatua milioni moja uone. Ukipata -0.222 unakubali kila hatua bila kuangalia nishati, maana hiyo ni 8 gawanya kwa 36. Ukipata -0.095 umegeuza alama kwenye e, mnyororo wako unachukia miguso. Ukipata kitu cha katikati ambacho hakina jina, shuku kwanza kwamba hauhesabu hatua zilizokataliwa. Hili limeumiza wengi: hatua ikikataliwa, ile hali ya zamani inahesabiwa tena mara nyingine kwenye wastani, haurudii kurusha kete mpaka ipatikane ya kukubalika. Ukirudia-rudia unainyima mikunjo mizuri muda wake, maana hiyo ndo inayokataa kuondoka.

Na hatua za kuvuta, pamoja na sifa zote nilizozimwaga pale juu, zina jambo lake hapa. Umbo moja linaweza kuwa na hatua 30 za kuvuta na lingine 22, kwa hiyo uwezekano wa kwenda sio sawa na wa kurudi. Kwa kutafuta chini haina neno, kwa wastani lazima uzidishe kwa uwiano wa idadi hizo mbili kabla ya kukubali au kukataa. Nimeona grafu nzuri sana za joto zilizopinda kidogo tu kwa sababu ya hili, na hakuna aliyegundua mpaka mtu alipojaribu shanga nne.

Wanaokuza mnyororo ushanga kwa ushanga, kwa njia ya Rosenbluth au PERM ya Grassberger ya 1997, nyie HHHH haiwafai. Uzito wa njia ni zao la idadi ya nafasi tupu ulizokuwa nazo kila ulipoongeza ushanga, na kwenye hatua tatu njia zote 36 zina uzito sawa, kwa hiyo hata ukisahau uzito kabisa jibu la bila nishati litatoka sahihi. Ongeza hatua moja. Shanga 5, njia 100, ambazo zimeanza na U ni 16 kwa sababu ushanga wa tano pale una nafasi mbili badala ya tatu. Kwa hiyo sehemu sahihi ni 0.16. Ukipata 0.222 umesahau uzito. Na tumia logi za uzito, sio uzito wenyewe, idadi ya njia inakua kama 2.638 kwa kila hatua na ukifika shanga 800 umeshavuka 10^308 ambapo namba za kawaida za kompyuta zinaishia, hapo bado hujagusa nishati.

Dalili: jenetiki inazaa watoto waliokufa

Ukikata wazazi wawili walio donge na kuwaunganisha, watoto wengi watajigonga, hiyo ni kawaida na sio bagi. Swali ni unawafanyaje. Ukiwatupa wote idadi ya watu wako inabaki wale wale, baada ya vizazi vichache wote ni ndugu wa damu na nishati imesimama. Jaribu kuzungusha kipande cha pili kwenye pembe zote tatu zinazowezekana kabla ya kumtupa mtoto.

Angalia pia umeandikaje mkunjo. Ukitumia pande za dira (juu, chini, kulia, kushoto), kubadili herufi moja kunausogeza mkia mzima bila kuuzungusha. Ukitumia mbele, kushoto, kulia, kubadili herufi moja kunauzungusha mkia wote. Mtu anasoma ushauri wa njia moja anautumia kwenye nyingine, alafu anashangaa. Kwa 2D napendelea ya pili, herufi tatu tu na kurudi nyuma hakuandikiki. Kwenye 3D inabidi ubebe mwelekeo wa mbele na wa juu pamoja, na hapo makosa ya kuzungusha ni mengi mpaka basi. By the way kama picha yako imegeuka, kushoto ni kulia, ni kwa sababu y kwenye skrini inaenda chini, nishati haibadiliki, iache.

Dalili: kila nikiendesha napata umbo tofauti

Nishati ni ile ile? Basi huna tatizo. HP ina herufi mbili tu, kwa hiyo mifuatano mingi ina mikunjo mingi iliyofungana nishati ya chini, na kwenye zile shanga 48 za 3D inafika mamilioni. Kabla ya kusema ni tofauti hakikisha sio umbo lile lile limezungushwa, 2D kuna sura 8 za umbo moja na 3D kuna 48. Kwenye ule mfuatano wa 20 kuna la ziada, unasomeka sawa kutoka mbele na kutoka nyuma, kwa hiyo kila mkunjo una mwenzake uliogeuzwa kichwa mkia. Hiyo inamaanisha pia kwamba kama faili lako linasomwa kinyumenyume mfuatano huo hautakuambia kamwe, tumia wa 25.

Dalili: protini yangu halisi haifanani na mkunjo

Haitafanana. Gridi haijui helisi (mzunguko kama wa springi), haijui mkono wa kushoto na wa kulia, na lile jambo la witiri na shufwa ni la gridi, sio la maumbile. Ukitaka kupunguza lawama hamia gridi ya FCC (ya mchemraba wenye nukta pia katikati ya kila uso) yenye jirani 12, pale witiri wanagusana vizuri tu, na badala ya H na P weka jedwali la nishati za miguso la Miyazawa na Jernigan lenye amino asidi zote 20. Ila kama unachotaka ni umbo la protini fulani, koordineti za atomu, tumia AlphaFold, programu ya akili bandia inayotabiri umbo la protini, wenzetu Hassabis na Jumper walipewa Nobel ya kemia 2024 kwa hilo, pamoja na David Baker kwa kubuni protini. Gridi ni ya kuuliza maswali mengine: kwanini mfuatano mmoja unakunjika na mwingine unahangaika, mabonde ya nishati yakoje, ni mifuatano mingapi ina umbo moja tu la chini. Ukija na swali hilo, na HHHH yako ikitoa -1 na -0.437, endelea.